Mvua Inayonyesha Kathiani

Nyumbani, chini ya Kathiani,
Jumapili, tarehe 30 Novemba.

Kwa kaka yangu mpendwa Makau,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Ndinda, na kutoka kwa wote walio hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimekuachilia. Sisi huku hatujambo. Mwaitu, mama yetu, goti lake linamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea mpaka kwenye migomba na kurudi, na bado anatugombeza sote, kwa hivyo ujue yuko na nguvu. Maharagwe yametoa maua. Yule ng'ombe mwekundu amezaa mtamba. Binti yako Kamene anahesabu siku zilizobaki na anakusalimia sana.

Usishangae kuona barua siku hizi za simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii na mara tatu umenikatia. Ya nne ulishika, ukasema ulichosema, ukakata kabla sijakujibu. Basi nimeona nikuandikie, maana barua huwezi kuikatia njiani. Titus anayepeleka maembe Kyumbi kila Jumatatu ameahidi kuifikisha Mavoko kwa mkono wake, na nimemwambia asiondoke langoni kwenu mpaka aone umeifungua.

Ulisema mambo matatu. La kwanza, nizime hiyo kompyuta na kuiuza kabla ya Jumamosi. La pili, Jumamosi hiyo wakwe wa Kamene wakirudi na mbuzi wao watatu wa ntheo kuja kumposa, nisionekane mtoni wala nisisikike na filimbi. La tatu, nipige magoti mbele ya wazee niombe msamaha kwa aibu niliyokuletea wewe baba ya msichana. Wewe ni mkubwa wangu na tangu baba atuache wewe ndiye unakaa kwenye kiti chake, kwa hivyo nimeyasikia yote na nimeyafikiria. Msamaha nitaomba, tena kwa jambo moja tu nitakalokueleza. Magoti sipigi. Kompyuta sizimi. Na mtoni nitakuwepo.

Umekaa Mavoko miaka kumi na minane, labda umesahau mto wetu ulivyo. Mwaka karibu wote ni mchanga mtupu. Watu wanauvuka kwa miguu kwenda kanisani, kwenda dukani, kusaga mahindi. Akina mama wanachimba visima humo humo mchangani wapate maji ya kunywa na ya mifugo. Mvua inayotuua hatuioni. Inanyesha kule juu Kathiani, huku kwetu jua linawaka, na baada ya dakika arubaini maji yanateremka na miti na mawe. Ndivyo baba alivyoondoka miaka miwili iliyopita, mwezi wa Aprili, akinywesha ng'ombe, bila tone moja la mvua kwenye kofia yake. Siku ya mazishi tuliahidiwa daraja. Daraja lenyewe mpaka leo liko kwenye hotuba.

Mimi sikulingoja. Nilipouza mavuno yaliyofuata nilienda Machakos mjini, nikanunua kompyuta iliyotumika kwa fundi mmoja nyuma ya soko, na kijana wa saiba, pale wanapolipisha intaneti, akaniwekea programu ya kuangalia mvua kwa rada. Hapa kijijini walicheka mpaka wakachoka. Wakaniita Mama Satelaiti, mimi ambaye hata mtoto sina. Mzee Muindi wa kanisa alisimama siku ya matangazo akasema mvua ni ya Mungu na mwanamke anayeichungulia hana tofauti na wale waliokuwa wakienda ithemboni kuchinja mbuzi wa tambiko. Nikamuuliza kwa heshima ule mwavuli anaokuja nao kila Jumapili ni wa kumzuilia nani maji yake. Mpaka leo sijamwomba radhi.

Hiyo programu ya kwanza, nakubali, niliichagua kama mtu anavyochagua leso. Ilikuwa na rangi. Kijani, njano, nyekundu, zinateleza kwenye ramani kutoka upande wa vilima vya Mua mpaka kwetu, na nyekundu ikitokea inapiga kengele. Kijana wa saiba alisema ndiyo inayotumiwa Ulaya na watu wanaofukuza dhoruba kwa magari. Nikaona ikiwatosha hao, mimi na mto wangu wa mchanga ni nani.

Halafu ikaja Jumamosi ile baada ya Pasaka. Saa nne na nusu Kathiani ikawa nyekundu yote na kengele ikapigwa. Nikavaa raba, nikachukua filimbi ya refa niliyonunua, nikateremka mbio. Wakwe zako ndio walikuwa wanafika ng'ambo ya pili: mzee Bartholomew baba ya kijana, wazee wenzake, akina mama na vikapu vyao, na mbuzi watatu. Nikapuliza filimbi, nikawapigia kelele wasimame, mto unakuja. Wakasimama, maana ni watu wa adabu. Wakasimama saa moja, saa mbili, mpaka saa nne zikaisha, juani, na makoti yao ya sherehe. Mbuzi mmoja akala kona ya leso iliyofunika zawadi. Nyumbani wali ulipoa, ukapashwa moto, ukapoa tena. Mto haukuja. Mchanga haukupata hata unyevu.

Mzee Bartholomew hakunitukana. Alisema kwa upole tu kwamba watu wasiotaka mbuzi wake wangemwambia mapema, akageuza msafara. Na unajua maneno ya huku, mbuzi wa ntheo wakirudi walikotoka, watu husema msichana ana kasoro au nyumba yao ina kiburi. Kamene alilia mpaka jioni. Wewe hukunigombeza siku ile. Ulikaa pale uani na suti yako mpya, ukimtazama mpishi akigawia majirani chakula cha wageni. Afadhali ungenigombeza.

Hayo unayajua, umeyasimulia mpaka kiwandani. Sasa soma usiyoyajua.

Kesho yake nilimpigia Nthambi, yule anayeuza matunda sokoni Kathiani, nikamuuliza mvua ya jana ilianza saa ngapi. Akacheka. Akasema siku nzima alianika nguo na zikakauka. Nikabeba kompyuta yangu mpaka kwa Mwalimu Ndila, anayefundisha jiografia kule mjini, nikamwomba aniambie hii mashine imelogwa na nani. Aliiangalia muda mfupi tu, akabonyeza maandishi madogo pale pembeni, akanisomea. Kumbe hakuna rada yoyote iliyokuwa inaipa ile programu habari za huku kwetu. Mahali wasipokuwa na rada wanachukua utabiri, wanaupaka rangi zile zile za rada, na wewe usiyejua unaona mvua inatembea. Yaani niliwachoma wazee jua saa nne nzima kwa ajili ya mvua ambayo kompyuta ya mahali fulani ilikuwa inaikisia.

Nilikasirika, nikasema mbona hawakuandika. Mwalimu Ndila akaniambia wameandika, ni mimi sikuuliza. Na hapo ndipo penye kosa langu, kaka. Sikuuliza rangi hii imetoka wapi. Niliona nzuri nikaiamini, nikaibeba mpaka mtoni na kuwazuia nayo watu wazima. Hilo nitalisema Jumamosi mbele ya mzee Bartholomew nikiwa nimesimama wima, na beberu wangu mwenyewe nitamfunga pale uani awe wa kuwapoza wazee. Zaidi ya hilo sina deni na mtu.

Mtu mwingine angeitupa hiyo kompyuta chooni. Mimi nilirudi nyumbani na kichwa kigumu kuliko nilichoenda nacho. Mwalimu alinipa programu nyingine mbili nizijaribu pamoja na ile ya kwanza, nami nikampa Nthambi mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia auweke mahali wazi nyuma ya kibanda chake. Tukakubaliana hivi: matone yakianza kupiga bati lake, ananitumia neno moja tu, "imeanza". Mimi huku nafungua programu zote tatu, naandika kila moja inasema nini dakika hiyo hiyo. Mvua ikiisha ananiambia mkebe umepata maji ya vidole vingapi, na siku programu yoyote ikitangaza mvua yeye hajaandika kitu, nayo naiandika. Tulifanya hivyo masika yalipomalizikia, tukapumzika kiangazi, tukaanza tena Oktoba. Daftari limejaa. Ukija nitakuonyesha.

Ile ya rangi ilitangaza mvua siku kumi na tisa na mkebe ukapata maji siku saba. Siku moja mbaya zaidi, Nthambi alikuwa amepanda juu ya meza kwa maji, na yenyewe inaonyesha Kathiani peupe kabisa. Nikaifuta. Ya pili ilikuwa na picha za kweli za mawingu, lakini zinachelewa saa nzima, na nimeshakuambia maji yanatufikia kwa dakika arubaini. Ningeiona mvua wakati majirani wameshaanza kututafuta kwa vijiti. Nikaifuta pia.

Ya tatu ni mbaya kwa sura, sitakuficha. Mawingu ya kijivu, ramani isiyo na urembo, hata kengele haina. Lakini pale pembeni imeandika wazi kwamba hii ni picha ya satelaiti, si rada, na saa iliyopigwa. Inabadilika kila robo saa. Mahali radi imepiga inaweka nukta. Isipojua kitu inaacha patupu. Nimeichagua hiyo, na hata ukiniletea nyingine ya bure yenye kuimba siitaki.

Tena nikajiwekea sheria. Wingu likiiva juu ya Kathiani kwenye kompyuta, naacha kila kitu, nateremka mtoni. Lakini filimbi haiingii mdomoni mpaka Nthambi aseme imeanza. Akisema, napuliza, na wakati huo huo natuma ujumbe kwenye simu za watu wote wanaotumia mto, nao wakitoka wanajibu nimetoka. Programu inaniteremsha mtoni, Nthambi ndiye anayesema kweli.

Jumanne, wiki mbili zilizopita, ilikuwa saa nane mchana, jua kali kabisa. Jirani yetu Kasyoki alikuwa katikati ya mto na punda wake wanne na mitungi, akina mama watano kwenye visima, na mzee Muindi anasukuma baiskeli mchangani kutoka dukani. Nthambi akaandika, nami nikapuliza. Akina mama walitoka, maana wao hawana kiburi na maisha yao. Kasyoki alitoka akininung'unikia kwa sababu ya mitungi aliyoiacha. Mzee Muindi alisimama palepale akatazama juu, akaona anga safi, akanitazama mimi. Nilipuliza filimbi mpaka masikio yangu yakaziba. Mwishowe nikaingia, nikaishika baiskeli usukani, nikaivuta na yeye nyuma yake akinikemea kwa jina la Bwana. Tulikuwa tumepumzika ukingoni kama dakika kumi, bado ananihubiria, tukausikia mto. Mitungi ya Kasyoki haijapatikana hadi leo. Mzee Muindi hakusema asante. Ila Jumapili iliyofuata aliniita pembeni baada ya ibada, akauliza kwa sauti ya chini kama wiki ile angeweza kuanika maharagwe.

Nilipokusimulia hayo kwenye simu ulisema ni bahati. Kisha ukaongeza neno, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ulisema tangu baba afe nimejifanya askari wa mto kana kwamba mimi ndiye niliyemwua. Ukakata. Sasa nitakujibu, na ningependa uketi chini kabla ya kuendelea.

Unakumbuka wiki ile tulikuwa hatuongei, mimi na baba. Alikuwa amekupa wewe shamba la chini, mimi niliyerudi kutoka ndoa yangu akaniambia nitalima pale nitakapoonyeshwa. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia sitamsemesha mpaka yeye aanze. Alhamisi ile nilikuwa Kathiani sokoni na ndizi zangu, mvua ikashuka ya kutisha, tukakimbilia chini ya bati la Nthambi. Nikatazama huku bondeni nikaona jua linawaka kwetu. Ilikuwa saa ya ng'ombe kunywa maji. Nthambi mwenyewe aliniuliza, mvua hii itawafikia, umempigia mzee? Nikamjibu ndiyo.

Sikuwa nimempigia. Simu ilikuwa mkononi, ilikuwa na chaji, ilikuwa na pesa. Nilijiambia wacha aanze yeye. Nikaagiza chai na mandazi mawili, nikala yote. Kasyoki aliponipigia habari za baba, nilikuwa bado nashikilia kikombe. Siku ya mazishi uliniuliza kama kule juu hatukuona mvua, nikakuambia nilikuwa ndani na simu yangu ilikuwa imezima. Haikuwa imezima, Makau. Haikuzima hata dakika moja. Hilo nimelificha miaka miwili na miezi saba, na wewe umelisema kwa hasira bila kujua ulichosema.

Sikuandikii unihurumie. Mwaitu nilimwambia jana, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Alilia kidogo, akajifuta, akaniambia baba naye alikuwa na simu na naye alikuwa mkaidi. Halafu akauliza filimbi nyingine inapatikana wapi, kwa sababu goti haliwezi mteremko lakini mapafu yake ni mazima. Nimemnunulia. Kwa hivyo ukitaka kuzima, ujue sasa tuko wawili.

Na kitu kimoja cha mwisho. Katika ile orodha ya namba ninazotumia onyo, ya kwanza ni ya baba. Sikuweza kuifuta. Nilidhani ujumbe unapotelea hewani tu. Mwezi wa Oktoba namba ikajibu, nami nikakaa chini pale pale ukingoni. Kumbe laini ilishapewa mtu mwingine, fundi wa pikipiki pale Kyumbi. Aliandika kwamba yeye hana mto wala ng'ombe, ila ameona anaambiwa atoke haraka, je, nimekosea namba? Nikamweleza ilikuwa ya nani. Baada ya siku mbili akaandika nisimtoe kwenye orodha, kila nikituma yeye atajibu. Na anajibu. Jumanne ile, kabla ya Kasyoki, kabla ya wote, namba ya baba ndiyo iliyoandika kwanza: nimetoka.

Sasa niambie tena nizime.

Nisalimie wifi, mwambie nguo alizotuma zimemkaa Kamene vizuri sana. Salimia na wenzako wa kiwandani uliowasimulia habari za Mama Satelaiti. Mwaitu anasema usisahau dawa ya kuchua goti, ile ya chupa ya kijani, na usije na mikate, tunapika chapati. Wazee wa hapa wote wako tayari, na beberu wangu ameshanenepa.

Jumamosi utakuja mapema na utawapokea wageni wako ng'ambo, uwavushe mwenyewe kama inavyompasa baba ya msichana. Namba yako nimeiweka ya pili, chini ya ya baba. Pakiwa kimya, vuka na wageni wako na mbuzi wao, karibuni nyumbani. Ukisikia filimbi, simama. Na kama ni lazima unikasirikie, nikasirikie ukiwa huko ng'ambo, ukiwa mkavu.

Ni mimi dada yako,
Ndinda.